Maswali na majibu: makunyanzi, kubanduka na tishu za kuokotwa majini

Utepe wa vipande vyembamba vya tishu iliyogandishwa kwenye nta unatoka vizuri kwenye mikrotomu (mashine ya kukatia), lakini ukifika kwenye beseni la maji ya uvuguvugu unakunjamana. Nipandishe joto?

Pima kwanza. Kwa nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 58 za Selsiasi, maji yawe nyuzi 42 hadi 45. Yakipoa zaidi, nta hailainiki. Yakizidi, tishu inatawanyika na seli zinaachana, na hapo hakuna marekebisho. Kisha tazama mkono wako. Upande unaong'aa ukae chini, ncha ya mbali iguse maji kwanza, halafu ushushe utepe huku ukiuvuta polepole kuelekea kwako. Ukiudondosha wote kwa mkupuo, unafunika hewa chini yake. Kipande kikaidi kielee kwanza kwenye alkoholi ya asilimia 20, kisha ukihamishie majini kwa slaidi (kioo cha kubebea kipande): utaona kinajinyoosha chenyewe, ghafla.

Kama vipande vinatoka vifupi kuliko bloku (donge la nta lenye tishu), usilaumu maji. Bledi ni butu au bloku imepata joto. Irudishe kwenye barafu dakika chache.

Tunatumia slaidi zenye chaji ya umeme ya kushika tishu, lakini tukizichemsha kwa imunohistokemia (upimaji wa tishu kwa kingamwili) vipande vinabanduka.

Mnatia jelatini au gundi kwenye beseni? Acheni. Inafunika ile chaji mliyoilipia. Mkosaji wa pili ni maji yaliyonaswa chini ya kipande: slaidi isimame wima mpaka yachuruzike, kama dakika 10, ndipo iingie kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa moja. Ikiingia ingali na maji, kipande kinavimba katikati kama malengelenge, na kinaanzia hapo kubanduka. Tishu yenye mafuta mengi, kama titi, iacheni ikauke usiku kucha kwenye nyuzi 37.

Kwenye slaidi ya ngozi kuna kijipande cha tishu nyingine. Kimetoka wapi?

Kata tena bloku ileile. Kikijirudia, kimo ndani ya nta, pengine kililetwa na forsepsi (koleo ndogo) wakati wa kuiweka tishu kwenye nta. Kisipojirudia, kimeokotwa majini. Pitisha karatasi ya kufyonzea juu ya maji baada ya kila bloku, hata siku yenye foleni. Kijipande cha saratani ya mtu mwingine si uchafu wa kawaida.

Namba ya slaidi niandike kwa kalamu gani?

Penseli. Wino wa kawaida huondoka na zailini, kiyeyusho cha kuondolea nta.