Mwanangu, Rodin hakushindwa kumaliza

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Umeiona huko Paris "Mtu Anayetembea", sanamu ya mchongaji Mfaransa Auguste Rodin, haina kichwa wala mikono, ukaniuliza: alishindwa kumaliza? Na kama alishindwa, mbona wanasema uchongaji wa kisasa umeanzia kwake?

Hakushindwa. Mwaka 1877 alionyesha sanamu ya kijana aliye uchi, "Enzi ya Shaba". Ilifanana mno na mwili wa binadamu hata wakamtuhumu kwamba amempaka mtu hai plasta akachukua umbo lake. Ilibidi atafute picha za mwanajeshi wa Ubelgiji aliyesimama mbele yake kama kielelezo alipokuwa akifinyanga, ziwe ushahidi. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo akiacha kichwa, ameamua.

Rudi uitazame miguu ya "Mtu Anayetembea". Nyayo zote mbili zimekanyaga chini, ilhali mtembeaji wa kweli huinua kisigino cha nyuma. Rodin ameweka mwanzo wa hatua na mwisho wake katika mwili mmoja. Kichwa kingekufanya uulize huyu ni nani, ana huzuni au furaha. Sanamu nyingi kubwa za kabla yake zilikuwa za mtu fulani: mfalme, mtakatifu, shujaa. Hapa kuna mwendo tu, nao unatosha.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni sanamu ya Balzac, yule mwandishi wa riwaya wa Ufaransa. Chama cha waandishi kilimwagiza sanamu hiyo mwaka 1891, akaahidi miezi 18, ikachukua miaka 7. Balzac mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1850. Basi Rodin akaenda kwao Touraine kutazama sura za watu wa huko, akamsaka hadi fundi cherehani aliyewahi kumshonea marehemu, amshonee nguo za vipimo vile vile. Baada ya kazi yote hiyo akaufunika mwili kwa joho moja tu la nyumbani, kikabaki kichwa juu ya kitu kama nguzo. Ilipoonyeshwa mwaka 1898 watu walicheka, wakaiita gunia, wakaiita mtu wa theluji. Chama kikaikataa. Rodin akarudisha pesa, akaichukua plasta yake hadi nyumbani Meudon. Alifariki 1917 bila kuiona imesubiwa kwa shaba. Paris iliisimamisha mwaka 1939. Hilo huniuma hadi leo. Kwanza walimlaumu kwa kufananisha mno, kisha kwa kutofananisha, naye katikati ya lawama hizo mbili alikuwa ameshabadilisha kazi ya sanamu.

Hata hivyo usimpe yote. Constantin Brâncuși, kijana wa Romania, aliingia karakana ya Rodin mwaka 1907 akaondoka mapema, akisema chini ya miti mikubwa hakuoti kitu. Rodin alifinyanga udongo, na marumaru zake nyingi zilichongwa na wasaidizi. Brâncuși alishika patasi mwenyewe, akalichonga jiwe moja kwa moja, na "Busu" lake likabaki jiwe, wapendanao wawili ndani ya bonge moja. Rodin hakufika huko. Ila mimi naamini bila Balzac yule kutangulia na kupigwa, kijana asingethubutu kupunguza kiasi kile.

Balzac yupo Boulevard Raspail, karibu na Montparnasse. Nenda Jumapili. Usiishie mbele; simama ubavuni pake, ndipo utakapoona alivyoegemea nyuma.

Mama yako