Maswali ya Wasomaji: Kulungu anadondosha pembe, je swala wetu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi kijana wa Kirumba hapa Mwanza. Kwenye tivii wameonyesha kulungu wekundu wa Uskoti, dume ana mapembe makubwa yenye matawi, mara yanadondoka yenyewe! Hawa swala pala wa kisiwani Saanane zao zinadondoka lini? Na yule wa Ulaya haumii?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swala pala hadondoshi kabisa, pembe alizoota nazo ndo hizohizo mpaka anakufa. Pembe ya swala ina mfupa ndani afu juu imevikwa gamba gumu la kitu kilekile cha kucha zako, ila ya kulungu ni mfupa mtupu na inaota upya kila mwaka, dume tu ndo anazo.

Kule Uskoti ikifika mwezi wa 3 au wa 4 homoni za dume zimeshuka, mfupa pale kwenye shina unalegea taratibu mpaka pembe inaanguka, na haumii maana ule mfupa ulishakufa tangu mwaka jana. Kidonda kinafunga upesi, nyingine zinaanza kuota zikiwa zimefunikwa ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu, na hapo sasa akijigonga anaumia kweli, ndo maana madume wakigombana kipindi hicho wanasimama kwa miguu ya nyuma na kupigana kwato za mbele. Mwezi wa 8 ngozi inakauka, anaisugua kwenye vichaka inatoka. Zile zilizodondoka wenzake wanazitafuna wapate madini, hakuna kinachopotea.

Yote hiyo ni maandalizi ya mwezi wa 10, msimu wao wa kupandana. Dume karibu anaacha kula, ananguruma usiku na mchana, anajigaragaza kwenye matope, akikutana na mwenzake wanatembea sambamba wakipimana na mara nyingi mdogo anaondoka bila vita. Mpaka msimu uishe anaweza kupoteza karibu moja ya tano ya uzito wake, na baridi ndo inaingia, wengine hawafiki. Inanihuzunisha hiyo. Jike anabeba mimba kama miezi 8, anazaa mwezi wa 6 majani yakiwa mengi, mtoto mwenye madoadoa anafichwa kwenye nyasi na mama anarudi kumnyonyesha, kwa hiyo ukimkuta peke yake usidhani katelekezwa, usimguse.

Saa inayowaongoza ni urefu wa mchana, kule unabadilika sana kati ya kiangazi na baridi. Huku kwetu mchana ni karibu masaa 12 mwaka mzima, ndo maana swala pala wa Afrika Mashariki wanazaa karibu miezi yote.

SWALI: Kwa nini hao kulungu wekundu wasiletwe kisiwani Rubondo tuvutie watalii? Msomaji, Musoma.

JIBU: Hapana ndugu yangu, hapo sikubaliani kabisa. New Zealand waliwaleta tangu karne ya 19, wakazaliana wakamaliza miche ya msituni mpaka serikali ikaanza kuwapiga risasi kuanzia miaka ya 1930. Rubondo kuna nzohe, mnyama wa kwetu mwenye kwato ndefu za kutembelea kwenye mafunjo na anajua kuogelea, huyo ndo wa kumtangaza kwa watalii.