Msitu wa kaya nyuma ya shamba, niujaze mwarobaini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi naishi Kisauni ila shamba la marehemu babu liko Rabai, limepakana na msitu wa kaya, ule mtakatifu wa Wamijikenda. Ni kipande kidogo tu, na kila kiangazi Januari mpaka Machi miti mingi inapukutika majani nadhani inakufa. Nataka kupanda miarobaini mpakani manake inamea haraka hata mvua ikikosa, na ndugu yangu anasema hata mule ndani tujazie. Na kwani kimsitu kile kina maana gani na ule msitu mkubwa wa Arabuko-Sokoke upo? — Mjukuu wa Rabai

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo miti haifi, tulia. Misitu yetu ya pwani ni mikavu, kiangazi kikibana miti kadhaa inaangusha majani ili isipoteze maji, masika yakianza unaona chipukizi.

Mwarobaini hapana, tafadhali. Dawa sawa, kivuli sawa, lakini ni mgeni huku, na ndege na popo wanapenda sana matunda yake, wanakula kwako wanaenda kudondosha kokwa ndani ya kaya, baada ya miaka unakuta miche ya mwarobaini imejaa chini na ya wenyeji imekosa nafasi. Ukitaka fito na kuni panda mvinje huko katikati ya shamba, nao unakua haraka na hakuna atakayeingia msituni kutafuta boriti.

Sasa hili la udogo. Arabuko-Sokoke kweli ni kubwa, kilomita za mraba kama 420, lakini haina kila kitu. Kaya zimetawanyika pwani kama kilomita 200, kila moja na udongo wake na mvua yake, kwa hivo mti unaoupata hapa kule hupati. Kuna mti wataalamu wanauita Karomia gigas, Kenya ulijulikana Mwarakaya kule Kilifi, ukakatwa, sasa wa kuuona mpaka uende Tanzania! Ndo maana UNESCO walipoziingiza kaya kwenye urithi wa dunia 2008 hawakuchukua moja kubwa tu, walichukua kadhaa, hata za Rabai zimo.

Kipande kidogo shida yake ni pembeni. Jua na upepo vinaingia, moto wa kusafisha shamba unaruka, kila mwaka msitu unarudi nyuma hatua kadhaa. Kwa hivo vile vichaka vya mpakani usifyeke hata kama vinakukera, lantana tu, kile kichaka kigeni, ndo ung'oe, na ukichoma takataka chomea mbali.

Kama lazima upande kitu mpakani, nenda kwa wazee wa kaya kwanza, wao ndo wenye ruhusa, usijiingilie tu na jembe. Uliza kama mbegu za mbambakofi, mti wa asili wa huku, zilizoanguka zinaweza kuokotwa. Utazijua, ganda gumu kama ubao likipasuka unaona mbegu nyeusi zimevaa kofia nyekundu, wallahi zinapendeza mpaka watoto wanachezea. Ondoa ile kofia, loweka usiku mmoja, sia kwenye karatasi za maziwa. Mbegu ya msitu huohuo ndo imezoea udongo wa hapo, ya kununua mjini hujui imetoka wapi. Na miche usiihamishie shambani Februari, ngoja Aprili masika yashike vizuri.