Maswali ya Wasomaji: Kwa nini wasiweke kioo tu?

Swali: Nasikia vyombo vilivyo mbali angani vitapimwa umbali kwa leza badala ya redio. Kwa nini wasivifunge kioo, wakakimulika na kusubiri mwanga urudi, kama wanavyofanya Mwezini? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Jibu: Mwezini kioo kinatosha. Vile vilivyoachwa na Apollo 11 mwaka 1969 bado vinatumika, na mwanga huenda na kurudi kwa sekunde 2.5 hivi. Mbali zaidi hesabu inagoma: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaorudi hupungua mara 16, maana hutawanyika wakati wa kwenda na tena wakati wa kurudi. Kwa hiyo chombo hupewa leza yake. Kila upande hurusha mwanga na kuandika saa ya kurusha na ya kupokea. Orodha mbili zikilinganishwa, unapata umbali, na unajua pia saa ya chombo imepishana kiasi gani na ya huku. Chombo cha NASA kiitwacho MESSENGER kilijaribiwa hivyo mwaka 2005 kikiwa kilomita milioni 24 hivi kutoka Duniani.

Makosa huanzia kwenye saa na nyaya. Nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ni sentimita 30 za safari ya mwanga. Waya wa mita 1 tu huchelewesha ishara nanosekunde 5 hivi, kwa hiyo usipoupima maabara kabla ya kuruka, umeshapotea mita 1.5.

Kulenga ndiko kugumu zaidi. Leza ya Psyche, chombo kingine cha NASA, yenye darubini ya sentimita 22, ikiwa umbali wa kilomita milioni 31 humulika eneo la upana wa kilomita 200 hivi, kama Dar hadi Morogoro. Dunia inayoonekana kutoka huko ni ya sekunde 103 zilizopita, na leza itachukua 103 nyingine kufika. Mwendo wa kupishana ukiwa kilomita 10 kwa sekunde, darubini inayosubiri imeshasogea kilomita 2,000. Lazima ulenge mbele, kama mchuuzi anayerushia chupa ya maji dirisha la basi linaloondoka stendi.

Redio, hata hivyo, haijastaafu. Leza ya Psyche iliwekwa kujaribu kutuma data. Njia ya chombo bado hupimwa kwa redio. Umbali peke yake haukuambii kimeyumba kushoto au kulia, na wingu zito kama yale yetu ya masika huzima leza kabisa, wakati redio inapenya.