Maswali na Majibu ya Sheria: Mwanangu kazuiliwa Uingereza, nimnunulie cheti cha Kismayu?

SWALI: Assalamu alaykum wakili. Mwanangu yuko kizuizini karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, hii wiki ya tatu. Aliomba hifadhi akasema yeye ni Mbajuni, wale watu wa pwani na visiwa vya Somalia, kama alivyofundishwa na waliompeleka. Juzi kapewa barua, wamemkatalia. Hapa mjini kuna bwana anataka shilingi milioni tatu atutolee cheti cha kuzaliwa cha Kismayu na barua ya wazee wa kisiwa cha Chula. Nikodishe mikarafuu yangu nimlipe? – Mama, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam mama yangu. Usikodishe hata shina moja.

La haraka kwanza. Kwa kawaida rufaa ya hifadhi kule ina siku 14 tu tangu barua ya kukataliwa, na kijana wako keshaanza kuzila. Akupigiapo leo, mwambie aende ofisi ya huduma humo humo kizuizini aandikishwe kwa wakili wa zamu. Dakika 30 za mwanzo ni bure kwa kila mtu. Kesi ikiwa na mashiko naye hana kitu, wakili wa kuendelea hulipwa na serikali yao. Kuomba dhamana mahakamani nako hakuna ada.

Sasa lile linaloniumiza, maana siku hizi haupiti mwezi bila ya mzazi kuniletea. Vijana wetu wanaita kujilipua: unatupa pasipoti, unavaa jina la mtu na nchi ya mtu. Madalali wamewajaza watu kwamba Mzanzibari hapewi hifadhi, mpaka awe Mbajuni. Ni uongo mtupu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hauna orodha ya nchi. Unachouliza ni kama una hofu ya kweli ya kuteswa kwa rangi yako, dini, uraia, msimamo wa siasa au kundi lako katika jamii. Baada ya mauaji ya waandamanaji wa upinzani hapa Zanzibar, tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu wetu zaidi ya 2,000 walivuka kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya. Walisema wametoka Pemba, wakapokewa kwa Upemba wao.

Nimewahi kushika kurasa mbili zilizochapwa, kisa cha kukariri ambacho dalali mmoja aliwauzia vijana watatu. Ami yule yule kapigwa risasi, mlango ule ule umevunjwa, hata neno lililokosewa herufi ni lile lile. Mmoja wao, mvuvi wa Micheweni, alihifadhi majina ya vijiji vya Chula kama anayehifadhi juzuu. Kwenye mahojiano akaulizwa kwao asubuhi wanakunywa chai na kitu gani. Akajibu bila ya kufikiri: mkate wa ajemi, mkate wetu wa Zanzibar. Na kule husikilizwa hata lafudhi. Sauti hurikodiwa, ikapelekwa kwa wachambuzi wa lugha. Kibajuni si Kipemba, na mtu wa Micheweni huwezi kumfundisha Kibajuni kwa wiki mbili ndani ya chumba cha Mombasa.

Uchungu ni kwamba yule mvuvi alikuwa na kisa chake cha kweli, cha hapa hapa kwetu, na kilikuwa na uzito. Hakukisema hata siku moja. Alipokuja kukisema, hakuna aliyekuwa tayari kumsadiki.

Cheti cha Kismayu kitamzidishia mwanao balaa. Sheria ya Uingereza haina ukomo wa siku za kumweka mhamiaji kizuizini. Mwenye jina la uongo huganda kati: Somalia haimtambui, na Tanzania haina mtu wa jina lile. Anachohitaji ni kumweleza wakili ukweli wote, kisha wakili arekebishe maelezo kwa maandishi na aeleze kwa nini alidanganya. Uongo wa mwanzo utamgharimu, sikufichi. Lakini mahakama za kule zimeshasema kwamba mtu aweza kuongopa na bado hatari inayomkabili kwao ikawa ya kweli. Na kama hana hatari yoyote, wakili wa haki atamwambia hivyo hivyo, bila ya kumla fedha. Wewe tayarisha cheti chake halali cha kuzaliwa. Kikipotea, nakala hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Umpe wakili atakapokiomba, na mtu mwengine asikione.

Nawaambia na wazazi wengine: Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji bila ya kusajiliwa ni kosa la jinai. Mtu akikuletea mshauri wa kule, ulizia jina lake katika daftari la mawakili au la washauri waliosajiliwa. Asiyetaka jina lake lijulikane, msimpe hata nauli ya daladala.

Na wale waliofanikiwa kwa jina la uongo, ambao madalali wanawatolea mfano, mimi nawajua. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu huvuliwa hata baada ya miaka mingi. Mmoja alinijia anataka kumpelekea mamake mwaliko akatibiwe macho. Nikafungua faili lake. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mamake alifia Kismayu. Bibi wa watu yuko Konde, mzima, na mpaka leo hajui kwa nini mwanawe hamwiti.