Kiatu cha usalama kianze kupimwa vidoleni

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji jinsi mtu anayesimama kazini zamu nzima, tena katika kazi inayomlazimu kuvaa kiatu cha usalama, anavyoweza kuchagua kiatu ambacho hakitamwumiza. Ninajibu nikiwa mtunza stoo ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikigawa viatu hivyo kwa wafanyakazi wa kiwandani na ghalani, na kuvipokea vinaporudishwa kwa sababu mwenyewe ameshindwa kuvivaa.

Watu wengi huanza na soli. Mtu hutia mguu, hubonyeza kisigino mara mbili tatu, akihisi ulaini huwa ameridhika. Ulaini huo wa dakika moja hauelezi lolote kuhusu hali ya mguu baada ya saa nane za kusimama juu ya zege. Povu la soli lililo laini kupita kiasi hubonyea hadi likafika chini, na mguu ulio juu yake hulazimika kujisawazisha kila wakati, kazi ambayo hufanywa na misuli midogo ya wayo na ya kifundo hadi ikachoka. Ni kweli kwamba soli inapaswa kupunguza mshindo wa kisigino, lakini nikilinganisha viatu vinavyorudishwa stoo, vingi havikumshinda mvaaji kwa sababu ya soli. Vilimshinda kwa mbele.

Huko mbele ndiko kilipo kikinga vidole, yaani ile kofia ngumu iliyofichwa ndani ya ncha ya kiatu. Kiwango cha EN ISO 20345, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, hukitaka kihimili pigo lenye nishati ya juli 200, ambalo ni sawa na kitu cha kilo 20 kinachoanguka kutoka urefu wa takriban mita moja, na pia mgandamizo wa kilonyutoni 15, yaani uzito unaokaribia tani moja na nusu. Kitu kilichotengenezwa kuhimili hayo hakiwezi kutanuka kwa kusukumwa na kidole cha mguu. Kwa hiyo muuzaji anaposema kwamba kiatu kitalegea kadiri unavyokivaa, anasema kweli kuhusu ngozi ya juu na ya pembeni. Kuhusu ncha, kiatu kinachobana leo kitabana hivyo hivyo mpaka siku kitakapotupwa. Ukiingiza mkono ndani ya kiatu kilichorudishwa na kupapasa ukingo wa nyuma wa kikinga, utakuta bitana imelika ikabaki nyuzi, na aghalabu upande wa kidole cha mwisho pameshatoboka. Mguu uliokuwa humo huwa na mstari mwekundu unaopita juu ya vidole, na ukucha mmoja au miwili iliyovia damu.

Ugumu huo ndio unaofanya kipimo cha kawaida kisifae. Kiatu cha kawaida mtu hukibonyeza kwa kidole gumba ili ajue vidole vya mguu vimeishia wapi, lakini kikinga hakibonyei. Njia ninayoiamini zaidi ni kuitoa soli ya ndani, kuiweka sakafuni na kusimama juu yake kwa uzito wote, ukiwa umevaa soksi utakazovaa kazini. Mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, ibaki nafasi ya kama sentimita moja, na pembeni wayo usimwagike nje ya ukingo. Kama soli ya ndani haitoki, legeza kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha, kisha jaribu kupitisha kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Jaribio hili lifanywe jioni au baada ya kazi, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na lifanywe kwa miguu yote miwili, kwa kuwa ni nadra miguu ya mtu kulingana kabisa; kipimo kifuate mguu ulio mkubwa.

Baada ya hapo, kiatu kivaliwe na kufungwa sawasawa, kisha mtu achuchumae kama anayeokota mzigo, kisigino kikiwa kimeinuka. Hapo ndipo kiatu kibaya kinapojidhihirisha mapema, kwa sababu kikitengenezwa vibaya hukunjika nyuma tu ya kikinga, na ukingo wake hushuka juu ya vidole. Kiatu kizuri hukunjika mahali mguu wenyewe unapokunjika, kwenye sehemu pana iliyo chini ya vidole. Kama kuna ngazi au mteremko karibu, ashuke pia, na vidole visigonge mbele.

Kosa linaloonekana la busara ni kuongeza saizi pale ambapo tatizo ni upana. Kiatu kirefu zaidi huwa pia kipana kidogo, kwa hiyo vidole hupumua, lakini sehemu ya kukunjika husogea mbele ya ile ya mguu, kisigino hupwaya, na malengelenge huhamia nyuma. Wapo watengenezaji wanaotoa saizi moja kwa upana zaidi ya mmoja, na inafaa kuuliza kabla ya kupanda saizi. Wanawake huumia zaidi kwa jambo hili, kwa sababu mara nyingi hupewa saizi ndogo ya kiatu cha kiume, ambacho kinaweza kuwa na urefu sahihi huku kisigino chake kikiwa kipana mno. Kufunga kamba kwa kuchapa kwanza kisigino chini ili kikae nyuma kabisa, na kukaza vizuri karibu na kifundo, hupunguza kupwaya, ingawa hakuponyi kiatu kisicho na umbo la mguu.

Kuhusu alama za S1, S2 na S3, ambazo huonyesha aina ya kinga iliyomo kwenye kiatu, maoni yangu ni kwamba kiatu kichaguliwe kwa hatari iliyopo kazini. Kuongeza kinga isiyohitajika huongeza uzito na ugumu, na uzito unaobebwa mguuni huchosha kuliko uzito huohuo ukibebwa mgongoni. S1 humfaa anayefanya kazi pakavu. S2 huongeza ngozi ya juu inayozuia maji kwa muda. S3 huongeza kinga ya kutobolewa na misumari pamoja na soli yenye meno. Pale ambapo sakafu ni safi na tathmini ya hatari haikuona msumari wala bati kali, bamba la chuma chini ya wayo humlazimu mtu kupiga hatua ngumu siku nzima bila faida. Penye hatari hiyo, bamba la kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi imara hukunjika kirahisi zaidi na huenea chini ya wayo wote, lakini msumari mwembamba hulipenya kwa urahisi kuliko chuma. Ndiyo maana toleo la mwaka 2022 la kiwango cha EN ISO 20345 limetenganisha bamba zinazopimwa kwa msumari wa milimita 4.5 na zile za milimita 3.

Naulizwa mara kwa mara iwapo kikinga cha kompoziti, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, ni bora kuliko cha chuma. Ni chepesi, hakipitishi baridi wala joto kama chuma, na hakiamshi mitambo ya kugundua metali. Hata hivyo, kwa kawaida huwa kinene zaidi ili kifikie uimara uleule, kwa hiyo nafasi ya ndani ipimwe kwa mguu wenyewe badala ya kuamini maandishi ya kwenye boksi. (Ile hofu kwamba chuma kikipondwa hukata vidole haina uzito kwangu, mzigo wenye nguvu ya kuponda kikinga ungevifanya nini vidole vilivyo wazi?)

Soli ya ndani ya kununua pembeni inaweza kusaidia, hasa kwa mwenye wayo bapa au mwenye upinde mkubwa, lakini ina mambo mawili. Ikiwa nene humwinua mtu hadi vidole vikasuguana na paa la kikinga, na hivyo kurudisha maumivu yaleyale kwa mlango mwingine. Tena viatu vingi vya usalama vimepimwa uwezo wa kuondoa umeme tuli vikiwa na soli yake ya asili, na soli ngeni inaweza kuukata. Ni salama zaidi kutumia zile ambazo mtengenezaji ameziidhinisha kwa kiatu hicho.

Soksi za pamba tupu hushika jasho; za sufu au za mchanganyiko wa nyuzi huondoa jasho kwenye ngozi vizuri zaidi. Anayeweza kupata jozi mbili za viatu azivae kwa zamu, ili kila jozi ikauke kwa siku nzima.

Kiatu kina mipaka yake pia. Anayesimama mahali pamoja, tofauti na anayetembea, hapati msaada wa misuli ya pajani na ya shavu la mguu inayosukuma damu kurudi juu, na hakuna soli inayoziba pengo hilo. Anahitaji mkeka wa kupunguza uchovu, nafasi ya kubadilisha mguu, na kiti cha mapumziko. Maumivu ya kisigino yanayochoma katika hatua za kwanza za asubuhi, au vidole vinavyokufa ganzi, vipelekwe kwa daktari kabla ya kubadilishiwa kiatu kingine. Mwenye kisukari, ambaye huenda hahisi kidonda kinapoanza, akague nyayo zake kila siku na apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.

Mwisho, tazameni mwaka wa kutengenezwa, ambao huchapwa kwenye kiatu chenyewe. Soli za poliuretani, aina ya plastiki ya povu, huharibiwa polepole na unyevu na joto hata zikiwa hazijavaliwa, na jozi iliyokaa rafuni miaka mingi inaweza kumeguka vipande katika wiki yake ya kwanza kazini, kwa hiyo viatu vya bei ya kufunga duka vichunguzwe tarehe kwanza. Na kiatu kilichoangukiwa na mzigo mzito kibadilishwe hata kama ncha haionyeshi alama, kwa kuwa kikinga kinaweza kuwa kimeshapasuka chini ya ngozi na kisihimili pigo la pili.