Kwa nini waliacha kumkandamiza baba kifua pale sebuleni?

SWALI: Baba alianguka sebuleni usiku. Wahudumu wa ambulensi walimkandamiza kifua karibu nusu saa, kisha wakaacha na kusema amefariki. Kaka yangu aliwafokea kwa kutomkimbiza hospitali, na hajawasamehe mpaka leo. Mama hakutoa chozi; alikuwa akijaribu kumfunga vifungo vya shati walilolikata kwa mkasi. Je, waliacha mapema mno? Na mama yuko sawa?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Moyo ukisimama, mgonjwa anahitaji mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika isiyokatizwa, hewa, dawa ya adrenalini, na kushtuliwa kwa umeme wa mashine kama mdundo wa moyo unaruhusu. Hayo yote hufanyika palepale sakafuni. Ukimshusha ngazi mikandamizo inakatika, na ndani ya gari linaloyumba inakuwa hafifu.

Kuacha nako hakuamuliwi kwa saa peke yake. Sisi wahudumu wa ambulensi tunajiuliza: alionekana akianguka? Alikandamizwa kabla hatujafika? Mashine imewahi kumshtua? Mapigo yamewahi kurudi? Majibu yote yakiwa hapana, matumaini ni madogo mno. Sikuwapo, lakini nusu saa si haraka.

Hasira ya kaka yako naifahamu. Nimeshawahi kushikwa ukosi. Mara nyingi kosa huwa letu: tunafanya kazi kimya, halafu tunanyanyuka ghafla na kutamka kuwa amefariki. Siku hizi mwenzangu mmoja hukaa na familia tangu mwanzo: “Moyo wake umesimama. Tumempa dawa mara tatu, bado haujaitikia.” Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2013, uliohusisha ndugu 570, uligundua kuwa walioalikwa kushuhudia mgonjwa wao akikandamizwa walikuwa na dalili chache za kiwewe siku 90 baadaye kuliko wasioalikwa. Wala hawakuwavuruga wahudumu, jambo ambalo wengi wetu tulilihofia.

Kuhusu mama, nimeona watu wakipiga yowe, wakicheka, wakirudisha viti mahali pake huku marehemu bado yuko chini. Ukimya wake haunishtui. Nauliza ya sasa: analala? Anakula? Kama wiki kadhaa zimepita na bado anakwepa sebule au anagutuka usiku akiona tukio lile lile, mpelekeni kwa mshauri nasaha.

Kaka naye aombe kukutana na wahudumu wale. Fomu yao huandikwa saa waliyofika, kila dawa na kila kipimo; aisome nao mstari kwa mstari, aulize lolote linalomkera.